Nani alifika Tana kwanza? Uzi kuhusu nasaba, mto, na swali tunalouliza vibaya

1. Wadau, uzi mpya. Kawaida ya hapa mnaijua: tunafafanua hoja, hatutaji mheshimiwa yeyote wala chama chochote. Leo tunashika lile neno ambalo hutoka kila mara mipaka ya maeneo bunge, taito za ardhi au vitambulisho vikiguswa. Neno lenyewe ni "wenyeji". Sisi ndio wenyeji, wale ni wageni, wao walikuja juzi. Umelisikia kwa mkutano, umelisikia redioni, na pengine umeliandika mwenyewe hapa mtandaoni. Ni uzi mrefu, weka chai.

2. Mfano wangu ni bonde la Mto Tana, hasa kuanzia Garissa kushuka hadi baharini Kipini. Kama hujawahi kufika huko, kuna kitu kimoja cha huko unakijua. Ile tuni ya wimbo wa taifa uliyokuwa unaimba gwarideni shuleni ilitoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Taifa lote linasimama wima kwa sauti ya mama wa Tana, halafu watu wa Tana wenyewe bado wanaulizwa nani kati yao ni wa pale kweli.

3. Na si mchezo. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika Delta ya Tana, wakulima na wafugaji, wengi wao wanawake na watoto. Shambulio moja tu la Agosti, kule Riketa, liliua zaidi ya watu 50. Sababu zilikuwa nyingi: maji, malisho, mashamba, viti vya uchaguzi uliokuwa unakaribia. Lakini lugha iliyobeba hizo sababu zote ilikuwa hii ya nani mwenyewe na nani mgeni. Ndio maana naichukulia kwa uzito.

4. Hoja yangu niiseme mapema ndio usinisome kwa kukisia. Nasaba za bonde la Tana zinaweza kufuatiliwa, na zina ukweli mwingi ndani yake. Lakini ukizifuata kwa uaminifu, hazikupi mshindi wa "nani alikuja kwanza". Zinakupa kitu kingine chenye faida zaidi: orodha ya maafikiano kati ya familia zilizofika nyakati tofauti, kila moja ikitumia sehemu tofauti ya bonde hilo hilo.

5. Tuanze na mto wenyewe. Tana ndio mto mrefu zaidi Kenya, kama kilomita 1,000. Unatoka Nyandarua na Mlima Kenya, unapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, halafu unaingia nchi kavu ambako karibu kila kitu kinaishi kwa sababu ya mto. Mafuriko yakija yanaacha tope lenye rutuba, na hapo ndipo mpunga, ndizi na maembe hutoka. Kiangazi kikizidi, mifugo kutoka mbali sana inashuka kunywa. Njia za mifugo kufika majini zinaitwa malka. Kumbuka hilo neno, tutarudi kwake.

6. Kitu cha pili kuhusu mto: unahama. Unakata kona, unaacha mkondo wa zamani ukiwa ziwa dogo, unatafuta njia nyingine. Hata mdomo wa mto umehama. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mfereji wa Belazoni uliochimbwa wakati wa utawala wa Witu uliunganisha Tana na mto Ozi. Mafuriko yakaupanua, na leo maji ya Tana yanaingia baharini Kipini. Sasa mtu akikwambia "hapa ndipo babu wa babu yangu alipolima", uliza kwanza mto ulikuwa wapi wakati huo. Familia za kando ya mto hufuata maji. Kijiji kinahama na jina lake.

7. Sasa watu. Wapokomo wako kando ya mto wakilima na kuvua. Waorma ni wafugaji wanaozungumza lahaja ya Kioromo. Wardei ni wafugaji pia. Wailwana, wengine huwaita Malakote, wako sehemu za juu kuelekea Garissa. Wamunyoyaya wako huko huko. Wawata wanajulikana kwa uwindaji. Wadahalo wako karibu na pwani. Ongeza Wasomali wa koo mbalimbali, Waswahili wa Kipini na Ozi, na familia zilizoletwa na miradi ya serikali. Wengi wetu mtandaoni tunajua majina mawili tu, tunayapanga kama timu za mpira, mchezo unaanza.

8. Ushahidi wa kwanza ni lugha. Kipokomo, Kiilwana, lugha za Mijikenda, Kiswahili na Kikomoro ni za ukoo mmoja, wataalamu wanauita Sabaki. Ndio sababu ukimsikiliza bibi wa Kipokomo polepole unaanza kuelewa bila mkalimani. Utafiti wa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, uliotoka 1993, unaonyesha kwamba lugha hizi zilikuwa moja, zikaanza kutengana katika milenia ya kwanza baada ya Kristo, mahali fulani kaskazini mwa pwani yetu. Kwa hivyo stori ya "Mswahili alikuja kutoka ng'ambo, Mpokomo alikuwa porini" haina mguu wa kusimamia. Ni ndugu walioachana njia.

9. Lakini lugha hiyo hiyo inavuruga mpaka upande wa pili. Kiilwana ni cha Kibantu kwa mizizi, ila kimebeba maneno na sauti nyingi kutoka kwa majirani wanaozungumza Kioromo. Hauazimi lugha kiasi hicho kwa kumwona jirani sokoni mara moja kwa mwezi. Unaazima kwa kuoana, kulea watoto pamoja na kuishi chini ya ulinzi wake. Wamunyoyaya nao wanazungumza lahaja ya Kioromo, lakini maisha yao ni shamba na uvuvi kando ya mto. Sasa wapange: ni "wakulima" au ni "wafugaji"? Timu gani?

10. Halafu kuna Wardei. Miaka ya 1860 Waorma walipigwa vibaya na Wasomali mashariki ya Tana. Wengi walitekwa au wakabaki chini ya koo za Kisomali, wakachukua lugha ya waliowatawala. Vizazi baadaye, wajukuu wao walivuka mto kurudi magharibi. Hao ndio Wardei: wanazungumza Kisomali, nasaba yao inaanzia kwa Waorma. Ukimwita Wardei mgeni kwa sababu ya lugha yake, umemfukuza kwa sababu ya kutekwa kwa babu yake. Ukimwita mwenyeji kwa sababu ya babu yake, basi umekubali kwamba mtu anaweza kuondoka, kubadilika na kurudi, na bado awe wa pale. Huwezi kumpa yeye hiyo kanuni halafu umnyime mwingine.

11. Ushahidi wa pili ni vyungu. George Abungu, aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa Makavazi ya Taifa, alichimba kando ya Tana kwa utafiti wake wa uzamifu wa 1989 kuhusu jamii za mto huu kuanzia karibu mwaka 700 hadi 1890. Kuna mtindo wa vyungu unaopatikana kwa miji ya kale ya Waswahili ambao wanaakiolojia wameupa jina la mto huu huu: Tana. Maana yake ni kwamba miji ya mawe ya pwani na vijiji vya mtoni vilikuwa kwa mazungumzo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Nafaka na pembe zilishuka, nguo na shanga zikapanda. Lakini chungu kina kasoro moja kama shahidi: hakisemi kilipikiwa lugha gani. Anayekuonyesha kigae na kukwambia "hiki ni cha kabila langu" anakuuzia kitu.

12. Ushahidi wa tatu ndio mtamu na ndio mgumu: simulizi za wazee. Wapokomo wengi, kama Mijikenda, watakwambia walitoka Shungwaya, nchi ya kaskazini kuelekea mto Juba, wakasukumwa kusini na Waorma. Wasomi wamegombana juu ya hii stori karibu miaka 50. Thomas Spear aliitetea kama kumbukumbu ya safari ya kweli. Fred Morton akajibu kwamba kwa Mijikenda stori hiyo haionekani katika maandishi ya mapema ya karne ya 19, inaibuka baadaye, wakati watu walikuwa na sababu ya kujieleza upya. James de Vere Allen naye akaiona Shungwaya kama mtandao wa kisiasa zaidi ya kijiji kimoja ambacho watu walihama.

13. Mimi sioni kwamba lazima tuchague mmoja tuwachome wengine. Angalia stori inafanya kazi gani. Ukisema "sisi sote tulitoka Shungwaya", unafanya undugu kati ya koo ambazo huenda zilifika mtoni kwa nyakati na njia tofauti. Ni kama kusema tulisoma shule moja. Wazo la asili moja linarahisisha kuoana, kugawana mashamba, kusaidiana vita vikija. Hiyo haifanyi stori kuwa uongo, inaifanya kuwa katiba isiyoandikwa. Na katiba haisomwi kama cheti cha kuzaliwa.

14. Hapa niingize ya nyumbani, kwa sababu mimi ni mtoto wa huko upande wa mama. Ardhi ya kijiji ilipoanza kuzungumziwa kusajiliwa kama ardhi ya jamii, kamati ilitaka kila familia ieleze nasaba yake. Mjomba akanipigia simu: "Wewe ndiye uko chuo, njoo uandike." Nikakaa na babu siku mbili, daftari magotini. Alinihesabia majina saba kurudi nyuma bila kukwama. Nilipouliza la saba alikuwa mtu wa aina gani, akacheka: "Huyo si mtu, mjukuu wangu. Hiyo ni kona ya mto tulipohamia."

15. Watu wa historia simulizi wanaijua hii kitu. Nasaba hujibana. Majina ya katikati hudondoka, wale wasio na watoto husahaulika, na mahali au tukio linaweza kugeuka jina la babu. Ukiambiwa na yeyote kwamba familia yake "imekaa hapa vizazi 20 bila kuhama", jua kwamba hapo siasa imeshaongeza maji kwenye uji. Majina saba yenye kona moja ya mto ndani yake ni ya kuaminika zaidi, kwa sababu yanakuonyesha pale walipohama.

16. Kwa daftari hilo hilo kulikuwa na jina la nne, mke wa babu wa babu. Jina la Kiorma. Babu alilitaja kawaida tu: alikuja msimu wa njaa na kaka yake, kaka akarudi kwa ng'ombe, yeye akabaki, akazaa. Mjomba akaniambia kwa upole nisiliandike, "mambo yasije yakaleta maswali". Nililiandika. Nikamwambia: mjomba, huyo ndiye aliyekuzaa, ukimtoa kwa karatasi unajitoa na wewe. Alinyamaza kwa muda, akasema niandike lakini niandike vizuri, na jina la baba yake pia. Kwa kamati hakuna aliyeuliza kitu. Familia tatu zilizofuata zikataja bibi wa namna hiyo hiyo.

17. Hao ndio mabibi wanaofutwa kwanza siasa ikipanda joto. Nasaba tunazozitangaza ni za wanaume, na mchanganyiko wa Tana uliingia sana kupitia wanawake. Upande mwingine uliofichwa ni wa watoro. Karne ya 19 watu waliokuwa watumwa kwenye mashamba ya pwani walikimbia, na Witu, karibu na Tana, chini ya Sultani Ahmed Simba, ilikuwa moja ya ngome zao kubwa. Wengi walioa, walilima, wakawa watu wa pale. Ni nani leo atasimama kwa baraza aseme "babu yangu alikuwa mtoro"? Aibu imefuta kile ambacho kilipaswa kuwa fahari. Babu aliyekataa utumwa ni babu wa kujivunia.

18. Sasa waingie walioandika. Miaka ya 1880 wamishonari wa Methodist walifungua kituo Golbanti kwa lengo la kuwafikia Waorma. Mwaka 1886 mmishonari na mkewe waliuawa hapo katika uvamizi wa Wamaasai. Wajerumani wa Neukirchen wakafika Ngao 1887, wao wakafanya kazi na Wapokomo. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, alichapisha msamiati wa Kipokomo na Kitikuu mwaka 1895. Kazi nzuri, tunaitumia hadi leo. Lakini ona kilichotokea: kila misheni ilichagua watu wake, ikaandika lugha yao, koo zao, mila zao. Kile ambacho mtoni kilikuwa mazoea ya kuvukiana kikawa vitabu viwili tofauti.

19. Serikali ya kikoloni ikaongeza wino. Ilihitaji machifu, na chifu anahitaji watu wake na eneo lake. Mto ukageuzwa mstari. Wafugaji wa Kisomali wabaki mashariki, Waorma magharibi, na wakulima wa kando kando wapewe kaukanda. Ule ubishi wa maili tatu mashariki mwa mto, ambao bado unasumbua mpaka wa kaunti za Tana River na Garissa, mizizi yake iko hapo. Kwa mkulima wa Tana mto ni katikati ya shamba, ng'ambo zote mbili ni nyumbani. Kwa ofisa mwenye ramani, mto ni mpaka mzuri wa bure.

20. Na kuna kitu walichobeba. Wapokomo walikuwa na ngoma takatifu, ngadji, iliyohusiana na mamlaka ya wazee. Maofisa wa Uingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, na iko kwa ghala la makumbusho ya Uingereza London hadi leo. Hebu fikiria: tunabishana hapa nani ana ushahidi wa uzawa, na kipande kikubwa cha ushahidi kiko kwa rafu London. Wanaopaza sauti kuhusu wageni wa jirani wangepunguza kidogo wakaidai na hiyo.

21. Baada ya uhuru watu wakachanganywa tena. Vita vya shifta vya 1963 hadi 1967 vilisukuma familia nyingi za ukingo wa mashariki kuvukia magharibi kwa usalama. Mradi wa umwagiliaji wa Hola ulikuwa umeanzishwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau. Hapo Hola ndipo wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaja mradi wa Bura, serikali ikaleta wakulima kutoka mikoa mbalimbali ya Kenya. Mtoto aliyezaliwa Bura 1985 ana zaidi ya miaka 40 au anaikaribia, ameoa huko, amezika wazazi huko. Mgeni wa wapi huyo?

22. Na dola ikiamua kutumia nasaba kama kipimo, huwa inatumia vibaya. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipangwa foleni kuhakikiwa, wakiulizwa koo zao ili kuthibitisha uraia. Kuna familia ndani ya Tana River zilizopoteza vitambulisho kwa zoezi hilo. Upande mwingine, Wamakonde wa Kwale walitambuliwa 2017 kama kabila la 43, na Wapemba wakafuata 2023, baada ya kuishi hapa vizazi kadhaa. Damu yao haikubadilika usiku mmoja. Kilichobadilika ni uamuzi. Uenyeji, kwa macho ya serikali, ni muhuri.

23. Sasa tufanye jaribio. Chukua "aliyefika kwanza apewe" na uitekeleze kwa uaminifu Tana. Wadahalo wanazungumza lugha ya Kikushi yenye sauti za kubofya ulimi, zile ambazo wengi tunazihusisha na watu wa Kalahari au Wahadza na Wasandawe wa Tanzania. Wataalamu wengi wanaziona kama mabaki ya lugha ya wawindaji waliokuwepo kabla ya Wabantu, kabla ya Waoromo, kabla ya Wasomali. Wanaoizungumza sasa ni mamia tu. Kwa kanuni hiyo, delta nzima ni yao. Umewahi kuona mwanasiasa yeyote wa "wenyeji kwanza" akiwapigania Wadahalo? Mimi bado. Basi si ukwanza unaotafutwa. Kinachotafutwa ni ukwanza unaoanza siku familia yake ilipofika.

24. Kwani basi nasaba haina maana? Ina maana, na sheria inaitambua. Katiba, ibara ya 63, inasema ardhi ya jamii itashikiliwa na jamii zinazotambuliwa kwa kabila, utamaduni au maslahi yanayofanana. Inataja misitu ya jamii, malisho na mahali patakatifu, na inataja pia ardhi ya mababu na ardhi iliyokaliwa kimila na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Kwa hivyo Mwata au Mdahalo akija na simulizi ya msitu wake, ana mlango wa kisheria. Mkulima ana wake. Mfugaji na malisho yake ana wake. Lakini ibara ya 39 inampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya. Soma zote mbili pamoja, usikate kipande unachokipenda.

25. Turudi kwa malka. Zamani, kabla ya taito, swali la Tana halikuwa "ardhi ni ya nani" kwa jumla. Lilikuwa: ukingo wa mto unalimwa na nani, njia ya ng'ombe inapita wapi, msimu gani, na mavuno yakishatolewa nani analisha mabua. Wazee wa Gasa upande wa Wapokomo na Matadheda upande wa Waorma walikaa wakayapanga. Haikuwa peponi, msinielewe vibaya. Kulikuwa na mapigano, na karne ya 19 kuna nyakati Wapokomo walitoa sehemu ya mavuno kwa Waorma kama kodi. Lakini ardhi moja ilibeba haki tatu nne za watu tofauti, kila moja na msimu wake.

26. Taito inavunja hiyo. Karatasi moja, jina moja, mpaka mmoja, mwaka mzima. Ukipimia shamba hadi majini bila kuacha malka, umemfungia mfugaji bomba. Ukisajili malisho yote kama ranchi, umemmeza mkulima anayefuata mto unaohama. Ndio maana upimaji wa ardhi ukitajwa Tana watu hushika silaha hata kabla mpimaji hajashuka gari. Ugomvi wa hapo ni wa matumizi, lakini tunaupeleka mahakama ya nasaba, na mahakama hiyo haiwezi kuutatua. Hata ukithibitisha babu yako alifika 1650, ng'ombe wa jirani bado wana kiu Februari hii.

27. Na mipaka ya maeneo bunge? Tana River ina matatu: Garsen, Galole na Bura. Tathmini ya mwisho ya kitaifa ilikamilika 2012, na Katiba inataka nyingine kila baada ya miaka 8 hadi 12. Ikifika, utasikia nasaba zikisomwa kama za wafalme. Ibara ya 89 inaanza na idadi ya watu, halafu inaruhusu kuangalia jiografia, maslahi ya jamii, historia na uhusiano wa kitamaduni. Historia imo, lakini ni kigezo kimoja kati ya kadhaa. Na historia ya uhusiano ni pamoja na kuoana na kugawana maji. Hakuna sehemu imeandikwa "aliyefika mapema apewe kiti".

28. Kwa hivyo ukikutana na hii hoja kwa mkutano au mtandaoni, uliza maswali manne. Moja: wa kwanza kwa kitu gani, ukingo, malisho, msitu au mji? Mbili: mto ulikuwa wapi wakati huo? Tatu: hiyo nasaba inataja mabibi, au wanaume peke yao? Nne: nani aliiandika kwanza, na alikuwa anaomba nini siku hiyo? Mtu mwenye nasaba ya kweli atakujibu kwa furaha, kwa sababu wazee wanapenda kuulizwa. Mwenye nasaba ya kampeni atakuuliza wewe ni kabila gani.

29. Kama una babu au bibi kutoka mtoni, na simaanishi Tana pekee, iwe Nzoia, Athi, Yala, Ewaso au Turkwel, kaa naye mwezi huu. Uliza kila aliyeolewa ndani alitoka wapi. Uliza kila kijiji kilihama kwa nini. Andika na majina ya wale ambao mjomba anasema yaachwe. Siku mpimaji akija, hayo ndiyo yatakuonyesha njia za ng'ombe zilipita wapi na nani alikubaliana na nani.

30. Uzi unaofuata ni kuhusu ardhi ya jamii: kamati zinachaguliwaje, kwa nini sheria ya 2016 inataka wanachama 7 hadi 15, na wanawake wanapotelea wapi humo ndani. Maoni yako wazi. Bishaneni kwa hoja, leteni stori za nyumbani kwenu, na kanuni ni ile ile: hakuna kutaja jina la mheshimiwa, hakuna kuitana wageni.